Umebadili Ekzosi, Sasa Badili Jeti

Vijana wengi wa bodaboda wakipata fedha ya kwanza ya kurembesha chombo hununua ekzosi. Ile ya kiwandani, ndefu na nzito, inawekwa kando. Inafungwa fupi yenye mdomo mpana, na kijiwe kizima kinageuka kutazama. Wiki inayofuata sanduku la kichujio cha hewa linatolewa, na mahali pake kinachomekwa kichujio cha koni, chekundu, moja kwa moja kwenye shingo ya kabureta. Mlio umenoga. Mwendo je? Mara nyingi umepungua. Pikipiki inakohoa ukivuta mafuta ghafla, ukiachia inapiga mabomu nyuma, na asubuhi haiwaki bila choki. Mwenye chombo anaanza kumtafuta mchawi kwenye plagi, kwenye koili, kwenye petroli ya kituo fulani, wakati kilichobadilika ni hewa tu, na kabureta imeachwa na vipimo vyake vya zamani.

Kurekebisha vipimo hivyo ni kazi ya bisibisi mbili, spana ndogo na subira. Mwongozo huu unahusu pikipiki za silinda moja zenye kabureta: Boxer, TVS, na zile nyingi za Kichina ambazo injini zake ni wajukuu wa Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 na ambayo bado inanakiliwa. Kama yako ni ya injekta, fundi wake ni mwingine na vifaa vyake ni vingine.

Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo la kabureta. Ikipita hapo kwa kasi, mgandamizo wake hushuka, na petroli iliyo kwenye bakuli la chini, ambayo inakandamizwa na hewa ya nje, hupanda kupitia tundu dogo lililotobolewa kwenye kipande cha shaba ya manjano. Kipande hicho ndicho jeti. Kwa petroli, uwiano wa kuungua bila kubakiza kitu ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta kwa uzito; injini hutoa nguvu yake kubwa zaidi mafuta yakizidi kidogo, kwenye uwiano wa 12.5 hadi 13 hivi. Hewa ikizidi, mafundi husema mchanganyiko ni mwepesi. Mafuta yakizidi, ni mzito. Mwepesi huchemsha injini na, ukiendeshwa kwa kuvuta sana, unaweza kuunguza vali na kutoboa pistoni. Mzito hula mafuta, huchafua plagi, na petroli inayoteleza kwenye kuta za silinda huosha oili na kumaliza ringi.

Watu wengi hudhani ekzosi ndiyo inayovuruga hesabu. Ukweli ni kwamba kichujio huvuruga zaidi. Ekzosi nyepesi kupumua huruhusu hewa nyingi zaidi kupita, lakini hewa ikiongezeka kooni, mvuto wa petroli nao huongezeka, kwa hiyo kabureta hujirekebisha kwa kiasi chake. Sanduku la kichujio ni habari nyingine. Likiwa mahali pake, na mdomo wake mwembamba ukizuia hewa kidogo, ndani ya sanduku huwa na mgandamizo ulio chini kuliko wa nje. Bakuli la petroli linapumua hewa ya nje. Tofauti hiyo ndogo husaidia kusukuma mafuta juu, na waliotengeneza pikipiki walipochagua jeti waliihesabu. Toa sanduku, msaada huo umekwenda: hewa imeongezeka na mafuta yamepungua kwa wakati mmoja. Ndiyo maana pikipiki iliyobadilishwa ekzosi peke yake huweza kwenda vizuri na jeti ileile au iliyopanda saizi moja, huku iliyovuliwa sanduku ikigoma kabisa.

Tena zipo pikipiki zinazotoka kiwandani zikiwa tayari na mchanganyiko mwepesi, kwa sababu ya sheria za moshi za nchi zinakouzwa. Mfano unaojulikana ni Kawasaki KLR650 ya kabureta, ambayo wasafiri wa masafa marefu wanaipenda. Zile zilizopelekwa Marekani zilikuwa na sindano isiyo na ngazi za kupandisha wala kushusha, na wenyewe wakabuni dawa: kuweka vishashi (washa) viwili vyembamba chini ya kichwa cha sindano ili ikae juu zaidi. Kishashi kimoja kilikuwa senti 11, na marekebisho hayo mpaka leo yanaitwa ya senti 22. Jeti kubwa haikuguswa, na pikipiki ilibadilika tabia.

Habari ya KLR ina somo ambalo mafundi wengi wa kandokando ya barabara hawalifuati. Kabureta haina tundu moja la mafuta. Ina njia kadhaa, na kila njia ina sehemu yake ya mkono wako. Ukiwa kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kuvutwa mafuta, mpaka umevuta kama moja ya nane, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko iliyo ubavuni. Kutoka hapo hadi robo, mkato ulio chini ya slaidi, kile kipande kinachopanda ukivuta kebo ya mafuta, unaanza kuhusika. Kutoka robo hadi robo tatu, mwenye neno ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi. Robo tatu kwenda juu, ndipo jeti kubwa inaposema.

Sasa jiulize: bodaboda iliyobeba abiria wawili na gunia, kwenye msongamano wa Mbagala au Kawangware, inavuta robo tatu mara ngapi kwa siku? Karibu haifiki. Maisha yake yote yako kwenye sailensa na kwenye sindano. Lakini mtu akilalamika kuwa pikipiki inakohoa, jibu la kwanza ni kupandisha jeti kubwa, na la pili ni kuipandisha tena. Matokeo yake ni pikipiki inayokohoa palepale ilipokuwa ikikohoa, na inayotoa moshi mweusi ukipanda mlima.

Kabla ya kununua jeti yoyote, hakikisha ugonjwa ni wa jeti. Pikipiki ikiwa inaunguruma kwenye sailensa, pakaa maji ya sabuni kuzunguka shingo ya mpira inayounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, shingo imepasuka au kibano kimelegea, na hakuna jeti itakayoponya hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Angalia gasketi ya ekzosi mpya pale inapoingia kwenye silinda. Ikivuja, hewa ya nje huingia unapoachia mafuta na kusababisha yale mabomu, hata kabureta ikiwa sawasawa. Pima nafasi ya vali injini ikiwa baridi. Kwa Honda CG125 ni milimita 0.08, kwa nyingine fuata kitabu chake. Weka plagi mpya ya namba iliyoandikwa kitabuni. Hayo yote yakiwa salama, ndipo uende dukani.

Dukani, iwe Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, usiseme tu "nipe jeti ya 110". Nenda na jeti yako mkononi. Namba iliyochongwa juu yake hutegemea aliyeitengeneza: Keihin huhesabu kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 100 ni tundu la milimita moja, lakini Mikuni, kwa zile jeti zake kubwa za pembe sita, huhesabu kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika. Jeti ya 100 ya huyu si ya 100 ya yule, na nyuzi zake pia huweza kutofautiana. Kopi za Kichina zina namba za kila aina, nyingine za kweli, nyingine za kuandikwa tu. Ukinunua za kopi, nunua tatu au nne zinazofuatana kutoka pakiti moja ya mtengenezaji mmoja, walau zitakuwa zinapishana kwa utaratibu.

Na usiruke hatua. Kwa jeti zinazohesabiwa kwa kipenyo, kutoka 100 kwenda 105 kunaonekana kama asilimia tano, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia kumi. Kutoka 100 kwenda 110 ni asilimia 21. Hiyo ni petroli nyingi kwa injini ya cc 125. Kwa ekzosi peke yake, anza na saizi moja juu ya ya kiwandani. Kwa ekzosi na kichujio cha koni kwa pamoja, anza na mbili au tatu, kisha ushuke. Ni salama kuanzia upande wa mafuta mengi na kurudi kuliko kuanzia upande wa hewa nyingi, kwa sababu plagi chafu husafishwa na pistoni iliyotoboka hununuliwa.

Kuna tabia moja ambayo haina budi kukemewa hapa: kupanua jeti kwa waya wa kebo au kwa kidrili cha fundi redio. Tundu la jeti limelainishwa kwa kipimo, na mdomo wake una mteremko maalumu. Mkwaruzo mmoja ndani yake hubadilisha namna petroli inavyopita, na kuanzia hapo hakuna anayejua jeti hiyo ni ya saizi gani, hata aliyeitoboa. Hata kuzibua jeti iliyoziba kusifanywe kwa waya. Hewa ya kompresa inatosha, na ikishindikana, uzi mmoja wa nailoni wa mshipi wa kuvulia.

Kazi yenyewe ifanyie mahali penye hewa, mbali na jiko na mwenye sigara. Funga koki ya tangi. Legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli na ukinge petroli kwenye chombo, usiimwage chini. Skrubu za bakuli za pikipiki za Kijapani na ndugu zake zina nyota ya kipimo cha Kijapani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai sawasawa, inateleza na kula kichwa. Tafuta inayokaa, bonyeza kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Bakuli likitoka utaona boya, na katikati jeti mbili: kubwa imechomoza, ndogo imezama ndani ya shimo lake. Bisibisi bapa unayotumia ijae mfereji wa jeti kwa upana wote. Jeti ni laini, ukikwangua mfereji umepata tatizo jipya. Wakati wa kurudisha, ikifika mwisho ongeza kidogo tu kwa vidole viwili, kisha acha.

Sindano iko juu. Fungua kifuniko cha kabureta, vuta slaidi pamoja na kebo yake, bana springi, nayo sindano itatoka. Juu yake kuna ngazi ndogo, aghalabu tano, na klipu nyembamba imekaa kwenye mojawapo, kwa kawaida ya katikati. Hapa ndipo wengi hupotea. Klipu ikishuka ngazi moja, sindano inapanda, na mafuta yanaongezeka. Klipu ikipanda, mafuta yanapungua. Kwa pikipiki iliyowekewa koni, ngazi moja chini ndiyo pa kuanzia. Kama sindano yako haina ngazi, kishashi chembamba cha nusu milimita chini ya kichwa chake kinafanya kazi hiyohiyo. Slaidi ina mfereji ubavuni unaoingia kwenye pini ya kabureta; ikikataa kushuka usiilazimishe, izungushe mpaka iingie yenyewe.

Sasa majaribio. Chukua kipande cha plasta nyeupe, bandika kwenye kishikio cha mafuta, na kingine kwenye sehemu isiyozunguka. Mafuta yakiwa yamefungwa, chora mstari mmoja unaopita juu ya plasta zote mbili. Vuta mpaka mwisho, chora mwingine. Gawanya katikati upate nusu, kisha robo na robo tatu. Bila alama hizi utajidanganya, maana mkono wa dereva unaoamini umevuta nusu mara nyingi umevuta robo.

Washa pikipiki, iendeshe dakika kumi mpaka ipate moto kamili. Kabureta iliyorekebishwa injini ikiwa baridi itakuwa mbaya ikichemka. Halafu anza na jeti kubwa, ushuke chini. Tafuta mlima mrefu usio na magari, panda kwa gia ya tatu ukiwa umevuta mwisho. Mlima hukupa mzigo bila kukupa kasi ya hatari. Ukiwa katikati ya nguvu, rudisha mafuta kidogo sana, kama moja ya nane. Ikiongeza mbio kwa muda mfupi, jeti ni ndogo. Ikiwa inanguruma kwa kusitasita, kama imezibwa pua, na ikarudisha pumzi unaporudisha mafuta kwa muda mrefu, jeti ni kubwa. Badilisha saizi moja, rudia. Usifanye jaribio hili ukiwa na abiria.

Jeti kubwa ikikubali, nenda kwenye sindano. Shikilia nusu kwenye tambarare. Pikipiki ikivuta na kulegea, kuvuta na kulegea, huku mkono wako umetulia, ni nyepesi. Vuta choki kidogo, na kama inatulia umepata uthibitisho. Kama choki inaifanya ife zaidi, ni nzito, pandisha klipu. Kisha malizia na skrubu ya ubavuni. Izungushe ndani taratibu mpaka ikae, bila kukaza, urudi nje mzunguko mmoja na nusu. Hapo angalia ilipo. Kama iko upande wa kichujio, hiyo ni skrubu ya hewa, na kuifungua kunapunguza uzito wa mchanganyiko. Kama iko upande wa injini, ni skrubu ya mafuta, na kuifungua kunaongeza uzito. Izungushe robo kwa robo ukisikiliza, mpaka sailensa ipande juu kabisa yenyewe, kisha ushushe sailensa kwa skrubu yake. Ikiwa skrubu ya mafuta imetoka zaidi ya mizunguko mitatu na bado inadai, jeti ndogo ndiyo inayopaswa kupanda saizi moja. Ikiwa inatulia kabla ya mzunguko mmoja, ishuke. Kwa skrubu ya hewa hesabu hiyo igeuze.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Daftari la shule au simu, vyote sawa.

Plagi husema kweli, lakini lugha yake imebadilika. Wazee wa gereji bado wanafundisha kuwa kaure yake iwe rangi ya kahawa ya maziwa. Hiyo ilikuwa sahihi petroli ikiwa na risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imetoka sokoni. Petroli ya leo huacha rangi hafifu, na plagi nyeupe kwa juu huweza kuwa ya injini yenye afya. Anayengoja kahawa ataongeza jeti mpaka imwage moshi. Tazama chini kabisa, pale kaure inapoingia kwenye chuma: duara jembamba la masizi likionekana hapo, jeti kubwa iko karibu na mahali pake. Usomaji huu una maana tu ukizima injini huku umevuta mwisho, klachi imebanwa, na kutoa plagi palepale. Plagi iliyotolewa baada ya kurudi nyumbani kwa sailensa inasimulia sailensa.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mlima. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, na Nairobi karibu hapohapo. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15, na kabureta isiyojua hilo hutoa mchanganyiko mzito kwa kama asilimia 8. Pikipiki iliyopimwa Kariakoo na jeti ya 110 ya Keihin itataka 105 ikifika Uyole, Mbeya. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa: aliyepimiwa Mbeya akishuka Kitonga kuelekea Morogoro na Dar bila kubadili anakuwa mwepesi, kwenye joto, kwenye barabara ndefu ya kuvuta mwisho.

Na je, koni yenyewe ina faida? Kwa anayekimbia kwenye lami na kufurahia mlio, labda. Kwa bodaboda wa barabara ya vumbi, hapana. Kichujio cha koni kilicho wazi chini ya kiti hunyonya vumbi la tairi la nyuma na maji ya dimbwi, na zile za bei rahisi hupitisha mchanga unaokwangua silinda. Ongezeko la nguvu kwa injini ya cc 150 ni dogo kiasi kwamba abiria mmoja mnene analimeza lote. Anayetaka pikipiki yake ipumue bila kuiua afunge ekzosi isiyo na kelele za kuwaita trafiki, abakize sanduku la kiwandani, asafishe kichujio chake kila wiki ya kiangazi, ashushe klipu ngazi moja na kujaribu.

Jeti za kiwandani usizitupe. Zifunge kwenye mfuko mdogo wa plastiki, andika namba zake na idadi ya mizunguko ya skrubu, uziweke chini ya kiti pamoja na plagi ya akiba. Ukiuza pikipiki, mkabidhi mnunuzi mfuko huo pamoja na kadi.